Skrini Iliyogoma Kuhesabu Makasia
Kwa siku nne skrini ya mashine yangu ya kupigia makasia, niliyoiweka barazani hapa Lamu, ilikuwa ikiwaka vizuri lakini ikionyesha sifuri tupu, hata nilipovuta mpini hadi jasho likanitoka. (Jirani yangu, ambaye ni nahodha, hucheka kila anionapo napiga makasia pasipo maji.) Nilianza na betri: moja ilikuwa imevuja na kuacha unga mweupe, nikaufuta kwa pamba yenye siki kidogo, nikakausha, nikatia betri mpya. Sifuri ikabaki pale pale. Ndipo nilipofungua kifuniko cha gurudumu, kwa maana skrini haihesabu yenyewe, bali hutegemea sumaku ndogo iliyobandikwa kwenye gurudumu, ambayo kila ipitapo mbele ya kihisi (kifaa kidogo kinachotambua sumaku), kihisi hicho hupeleka ishara moja kupitia waya. Kihisi kilikuwa kimelegea na kusogea mbali na sumaku, na plagi ya waya wake imeshika kutu ya kijani, jambo lisiloshangaza katika nyumba inayopigwa na upepo wa chumvi mchana na usiku. Niliisugua plagi kwa mswaki mkavu, nikakirudisha kihisi hadi ikabaki nafasi ya milimita chache, nikakaza skrubu. Nilipovuta mara ya kwanza, tarakimu zilianza kupanda.