Martlet ya Illustrious, mabawa yamekunjwa

Jumapili, usiku

Leo nimebandika bawa la kushoto. Nimelibandika likiwa limekunjwa, limelala ubavuni mwa ndege kuelekea mkiani, na furaha niliyo nayo ni kubwa mno kwa kipande cha plastiki kisichozidi kidole.

Ndege yenyewe ni Grumman Martlet. Hilo ndilo jina ambalo jeshi la majini la Uingereza, katika Vita Vikuu vya Pili, liliipa Wildcat, ndege ya kivita ya Wamarekani, likalitumia mpaka Januari 1944. Naiunda kwa kipimo cha 1:72. Ndege iliyokuwa na upana wa mita 11.6 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya pili, mezani kwangu ina sentimita 16, na ikikunjwa zinabaki sita. Sita hizo ndizo zilizonivuta. Lifti za Illustrious, manowari ya kubebea ndege, hazikufika hata mita 7 kwa upana. Martlet II (toleo la pili) kumi za mwanzo zilitoka kiwandani na mabawa yasiyokunjika, kwa hiyo hazikuwa na njia ya kushuka chini ya sitaha. Husimuliwa kwamba Leroy Grumman, mwenye kampuni iliyoziunda, alilitafutia jambo hilo jawabu kwa raba ya kufutia na vibanio viwili vya karatasi: akachomeka, akageuza, akachomeka tena, hadi akaipata pembe aliyoitaka.

Pembe hiyo nimeielewa leo, nilipokuwa nimeishika kwa kibano. Mhimili umekaa mshazari. Bawa halipandi juu. Linajipindua kwanza, ukingo wa mbele ukatazama chini, huku ncha ikirudi nyuma. Likishatulia, uso wake wa juu ndio unaotazama nje. Maana yake rangi za kijivu za bahari zinaonekana zote, na ile rangi hafifu ya tumboni inajificha kwa ndani. Nimepaka upande huo wa ndani kwa uangalifu uleule, ingawa hakuna atakayeuona.

Binti yangu alikuja kuniaga akalale, akainama kuitazama.

"Baba, mbona imejikunja kama kuku aliyenyeshewa?"

"Mwanangu, melini hakuna nafasi. Zote zikinyoosha mabawa hazienei."

"Sasa nani anayakunja?"

Nikamwambia ni watu. Mabaharia, kwa mikono yao, sitaha ikiyumba na upepo ukivuma. Akanyamaza akiliwazia hilo. Bunduki hakuziuliza kabisa.

Mikono imo hata kwenye magurudumu. Rubani wa Martlet hakuwa na swichi ya kubonyeza. Palikuwa na mpini upande wake wa kulia, na akishapaa ilimbidi auzungushe takriban mara 30 ili minyororo iivute miguu ndani ya ubavu wa ndege, huku mkono wa kushoto ukishika usukani. Ndiyo maana ndege hizi zilikuwa zikinesanesa angani mara tu baada ya kuruka: kila mzunguko wa mkono mmoja ulimtikisa rubani na mkono wa pili. Kwenye modeli, miguu hiyo ni vijiti vyembamba vinavyokutana ndani ya tundu lililo wazi. Gundi naitia kwa ncha ya kijiti cha meno, tone moja, kisha nasubiri bila kugusa.

Kwa nini Martlet, na si ndege nyingine yenye sifa kubwa zaidi? Kwa sababu hii ilipigana katika bahari yetu. Aprili 1942 Wajapani walishambulia Colombo na Trincomalee, bandari za Sri Lanka, wakaizamisha manowari Hermes, na kundi la meli za Uingereza la mashariki likaja kujishikiza Kilindini. Waliokuwa wakifumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani waliwekwa Mombasa, kwenye shule ya Allidina Visram inayotazama bahari. Kisha tarehe 5 Mei yakaanza mashambulizi ya Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, ili Wajapani wasije wakaipata bandari ile. Martlet za vikosi vya 881 na 882 ziliruka kutoka Illustrious, na tarehe 7 zikapambana angani na Morane, ndege za kivita za serikali ya Vichy, ile ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani na kukitawala kisiwa hicho.

Hapo ndipo ninapokwama kila nikiisoma habari hii. Martlet za kwanza kabisa ziliagizwa na Ufaransa. Ufaransa iliposhindwa mwaka 1940, Uingereza ikazichukua. Miaka miwili baadaye, ndege za aina ileile wakazikuta Wafaransa wenyewe zikiwajia kutoka baharini. Naona uchungu wa rubani wa Morane kuuawa na mashine ambayo nchi yake ndiyo iliyoitaka. Na kisiwa kile kilikuwa na wenyewe, Wamalagasi, ambao hakuna upande uliowauliza. Septemba vita viliposonga ndani ya kisiwa, miongoni mwa waliotua Majunga, bandari ya pwani ya magharibi, walikuwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza, vijana kutoka huku kwetu Afrika Mashariki. Katika maelezo ya seti hii hakuna hata mstari mmoja unaotaja Mombasa wala Madagaska, na hilo linaniuma.

Kesho, rangi ikikauka, nitaanza stika. Zinalowekwa kwenye maji ya vuguvugu hadi ziteleze zenyewe, kisha unazisogeza kwa brashi yenye unyevu. Maandishi ya ROYAL NAVY karibu na mkia ni madogo kiasi kwamba nayasoma kwa lenzi. Seti imeleta rubani mmoja tu, amekaa. Sitamtumia. Kwenye kiti pabaki wazi, na nitachonga mabaharia wanne kwa waya na utomvu mgumu, wawili kila bawa, wameinua mikono wanasukuma.