Siku moja maishani mwangu: kilo 23.6 na majani ya mgomba

Saa 11 alfajiri. Moshi ya Juni ina baridi ya kung'ata, mlima umejifunika, nami nimekaa jikoni na chai ya rangi na jalada ambalo nimeshalisoma hadi kurasa zake zimelegea. Leo anakuja shahidi wa tano wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka: askari mtunza vielelezo.

Mimi ni wakili wa utetezi, na mteja wangu ni kijana wa bodaboda kutoka milima ya Same. Alikamatwa usiku kwenye kizuizi, kiroba cha mirungi kimefungwa nyuma ya pikipiki. Anasema alipewa mzigo aufikishe stendi kwa shilingi elfu 15, na hakuuliza una nini. Ameshtakiwa kwa kusafirisha dawa za kulevya, kifungu cha 15A, mirungi kilo 23.6.

Kwa asiyeijua sheria yetu ya 2015: mirungi au bangi isiyozidi kilo 50, ukitiwa hatiani ni miaka 30 jela. Ikizidi hapo, ni kifungo cha maisha. Halafu kuna kifungu cha 29, ambacho watu hukijua siku ndugu yao amekamatwa: mirungi ikifika kilo 20, hakuna dhamana. Hakimu hata akimwonea huruma mshtakiwa, mikono yake imefungwa. Kwa hiyo kilo zile 3.6 za juu ndizo zilizomlaza kijana huyu rumande miezi 14. Na ukivuka pale Holili ukaingia Kenya, mirungi hiyohiyo ni zao la biashara, inauzwa mchana kweupe.

Swali langu tangu mwezi wa pili wa kesi hii ni moja tu. Mirungi haisafiri uchi. Inafungwa mabunda, mabunda yanaviringishwa majani mabichi ya mgomba, yananyunyiziwa maji yasinyauke, ndipo yanatiwa kwenye kiroba. Hizo kilo 23.6 ni za nini hasa?

Kupima upya haiwezekani. Mirungi huharibika, na sheria inaruhusu kielelezo cha namna hiyo kiteketezwe kwa amri ya hakimu kabla kesi haijaisha, ilimradi mshtakiwa awepo. Mawakili wengi hushindia hapo, kwa sababu mara nyingine mshtakiwa huwa hakuitwa. Wangu aliitwa. Hati ya uteketezaji ina dole gumba lake, limekolea wino vizuri kabisa. Njia hiyo imefungwa.

Nilijaribu na nyingine. Kathinoni, ile kemikali inayomchangamsha mlaji, huanza kupungua nguvu ndani ya siku mbili tatu tangu mirungi ichumwe, na sampuli yetu ilifika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ofisi ya Arusha, siku ya tisa. Nilifurahi wiki nzima. Kisha nikaisoma tena sheria: imeutaja mmea wenyewe. Mkemia akisema huu ni mmea wa mirungi, yametosha. Nikakunja karatasi zangu.

Saa 1:50 nimefika mahakamani. Mama yake kijana ameshafika kabla yangu, ametoka Same na basi la kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo wanamtoa?"

Kila tarehe ananiuliza hivyo. Namweleza tena kwamba leo ni ushahidi tu, bado hukumu. Anaitikia kwa kichwa, anafungua kanga, ananipa elfu 40 zilizokunjwa kama hirizi, fedha ya tangawizi. Nyingine itakuja wakivuna. Kwenye mahakama za chini wakili wa kulipiwa na serikali si jambo la kutegemea, kwa hiyo kesi za namna hii huendeshwa kwa tangawizi, mbuzi, na michango ya ukoo.

Karandinga la magereza linaingia saa 2:20. Napewa dakika chache na kijana mlangoni mwa mahabusu. Amekonda shingo. Namuuliza jambo moja: usiku ule kiroba kilikuwa kikavu au kimelowa?

"Kilikuwa kinachuruzika, mama wakili. Suruali yangu ililowa nyuma."

Nimekuwa naye miezi 14 na sikuwahi kumuuliza hilo.

Zinatangulia kesi za kutajwa. Upelelezi haujakamilika, upelelezi haujakamilika, jalada lipo kwa Mwanasheria, tarehe nyingine. Sisi tunaitwa saa 5:20.

Shahidi ni mtu mzima, mtaratibu, anajua kazi yake. Wakili wa Serikali anamwongoza vizuri: alipokea kielelezo kutoka kwa nani, saa ngapi, akakiandika kwenye daftari namba ngapi, akamkabidhi nani kukipeleka Arusha. Mnyororo umekamilika, ila usiku ule kuna saa tatu kati ya kukamatwa na kuandikishwa ambazo hazina mwenyewe. Zamani ningezipigia kelele. Siku hizi Mahakama ya Rufani inakubali maneno ya shahidi pale karatasi inapokosekana, akiaminika. Na huyu anaaminika, kusema kweli. Hata mimi namwamini.

Nasimama kwa maswali ya dodoso.

"Shahidi, ulipopokea mzigo ulikuwa ndani ya nini?"

"Kiroba cheupe."

"Ulikifungua?"

"Ndiyo, kuhesabu mabunda."

"Mabunda yalikuwa wazi?"

"Hapana. Yalikuwa yamefungwa majani ya mgomba, kama kawaida yake."

"Mabichi?"

"Mabichi."

"Wakati wa kupima, mlitoa majani hayo?"

Anamtazama Wakili wa Serikali. "Tulipima kama mzigo ulivyokuja."

Hakimu anaandika. Naisikia kalamu yake. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na jibu lile kijana kalisikia mwenyewe. Nikamwona amenyanyua kichwa.

Hapo ndipo ningekaa. Sikukaa. Nilitaka kulipigilia msumari, nikauliza: "Kwa hiyo hujui mirungi yenyewe ilikuwa na uzito gani?"

"Mheshimiwa, nimeshika vielelezo vya mirungi miaka mingi. Majani kwa mzigo kama ule hayafiki kilo mbili."

Kimya. Kilo 23.6 ukitoa mbili, inabaki 21.6, na dhamana iko palepale ng'ambo ya mto. Miaka tisa ya uwakili, na bado ulimi wangu unanitangulia. Nikajitahidi kusema hakukiandika popote hicho anachokikadiria, akakubali hakukiandika, nikaketi. Wakili wa Serikali hakuwa na swali la kuweka sawa. Kwa nini awe nalo?

Kesi imeahirishwa siku 14.

Saa 7 na nusu nakula mtori kwa mama ntilie nje ya geti bila kuusikia ladha. Msomi mwenzangu wa kesi za ardhi ananitania, "Na wewe na wauza unga wako." Namwambia huyu hana unga, ana majani. Anacheka. Mimi sicheki.

Mchana ofisini ni mambo madogo. Anakuja baba mmoja mwenye mtoto aliyekamatwa na misokoto ya bangi, na kabla hajaketi ananiuliza kwa sauti ya chini, "Wakili, hapa tumwone nani?" Namwambia hapa unaniona mimi, risiti utapata. Anaondoka amenuna. Sidhani atarudi.

Saa 11 jioni nafika nyumbani na badala ya kubadili nguo nachukua panga, naingia kihambani, shamba la migomba nyuma ya nyumba. Nakata majani manne ya mgomba, natoa ule ugongo wa kati kama wafungaji wanavyofanya, nayanyunyizia maji kwa ndoo, nayafunga. Najua fika kwamba hili haliwezi kuwa ushahidi. Wakili si shahidi kwenye kesi yake. Nataka tu kujua kama inafaa kumgharamia mtaalamu aje apime kihalali, kabla sijaigusa tena tangawizi ya yule mama.

Dukani, Mangi mwenye duka ananitazama na furushi langu linalodondosha maji kwenye sakafu yake.

"Dada wakili, unauza mboga siku hizi?"

"Pima tu."

Kilo 2.8. Natia na kiroba cha mchele alichokitupa pembeni, nacho nimekilowesha bombani. Mshale unatetemeka, unasimama 3.3.

"Unataka ifike ngapi?"

"Izidi tatu na gramu mia sita."

Mangi anakuna kichwa, anautazama mzani, kisha anaanza kupekua chini ya kaunta. "Na kamba je? Huo mzigo wako haukuwa na kamba?"