Karai la zege na herufi za batobato

Mihogo ya mama kule Muheza ilishikwa na batobato nikiwa darasa la tano. Majani yalijikunja, yakaingia madoa ya njano, na msimu ule tuling'oa mizizi myembamba kama vidole. Kwa hiyo nilipoazimwa Basys 3, bodi ya elektroniki yenye chipu ya FPGA, nilijua kazi ya kuipa.

DNA ya virusi vya batobato ni maduara mawili, kila moja lina herufi kama 2,800 za A, C, G na T. Ukipata kipande kutoka kwenye jani, unakitafuta ndani ya virusi vinavyojulikana kwa njia ya Smith na Waterman ya mwaka 1981. Unachora jedwali, kipande upande mmoja, virusi upande wa pili, na kila chumba unakijaza kwa kutazama majirani watatu: wa juu, wa kushoto na wa kona iliyo kati yao. Programu yangu ya laptopu ilikuwa inajaza chumba kimoja kimoja. Vyumba ni mamilioni.

FPGA ni chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe, na kesho unazifuta unapanga nyingine. Nilipanga vikokotozi 128 kwenye mstari, kila kimoja kimeshika herufi moja ya kipande. Umeshaona watu wakimwaga zege la ghorofa? Karai linapita mkono kwa mkono, na la pili linaanza safari kabla la kwanza halijafika juu. Herufi za virusi zinapita hivyo hivyo. Saa ya bodi ni megahezi 100 tu, yaani mipigo milioni 100 kwa sekunde, laptopu inaiacha mbali sana, lakini kila mpigo mmoja vyumba 128 vinajazwa kwa pamoja.

Kwa wiki mbili majibu yalinikatisha tamaa. Herufi zikifanana natoa alama 2, kwa hiyo kipande cha herufi 128 kikilinganishwa na chenyewe lazima kipate 256. Hakikufika hapo hata mara moja. Nilipekua msimbo wote wa Verilog, lugha ya kuandikia saketi, nikakesha, kumbe alama nilizipa biti 8, yaani nafasi nane za 0 au 1, na biti 8 zinaishia 255! Alama ile ile niliyokuwa naitafuta ndiyo iliyokosa pa kukaa. Nikaweka biti 10.

Halafu ukaja waya wa kutoka laptopu hadi kwenye bodi. Nilikuwa natuma kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, na kila baiti ya biti 8 hubeba biti mbili zaidi za kuanza na kumaliza, yaani baiti 11,520 kwa sekunde. Hata nilipobana herufi nne ndani ya baiti moja, biti mbili kwa kila herufi, nilipata herufi 46,080, wakati mstari unaweza kumeza milioni 100. Mafundi 128 wamesimama, mikono mitupu, karai haliji. Hapa ndipo nilipotumia muda wangu mwingi, wala si kwenye hesabu yenyewe.

Nikaamua virusi vikae ndani ya chipu. Kumbukumbu yake ni kilobiti 1,800, inabeba herufi kama 900,000, zaidi ya maduara 300. Kuzipakia ni karibu sekunde 20, mara moja tu. Baada ya hapo natuma kipande cha baiti 32, na kuzipitia herufi zote ni milisekunde 9.

Jumamosi nilimwonyesha mama. Akaniuliza, "Mwanangu, itaujua ugonjwa kabla majani hayajajikunja?" Nikamwambia ndiyo, mradi maabara isome kwanza herufi za jani lenyewe. Akatoka kwenda shambani, akarudi na jani changa, akalilaza katikati ya daftari langu likauke.