Lara kwenye laptop ya mtumba: nimeanza Unfinished Business

Hali ilivyo sasa: gemu linafunguka, sauti inatoka, na Lara Croft, shujaa wa Tomb Raider, ameshatua Misri. Kwa laptop niliyoitoa kwa fundi wa Kaloleni, nimeridhika.

Tomb Raider yenyewe, ile ya 1996 kutoka Core Design ya Derby, Uingereza, nilishaimaliza. Nyongeza yake, Unfinished Business, ilitoka 1998 ikiwa na hatua nne: mbili za Misri, mbili za ngome ya Atlantis. Ukinunua toleo la zamani la gemu hili mtandaoni leo, nyongeza hiyo haimo. Habari njema ni kwamba iliachiwa bure.

Ufungaji. Toleo la kompyuta liliandikiwa DOS, mfumo wa kompyuta wa zamani, kwa hiyo unaweza kupita njia ya DOSBox, programu inayoiga mfumo huo. Mimi nimekwenda na TR1X, injini iliyoandikwa upya na wapenzi wa gemu. Unakionyesha kisakinishi folda ya gemu ulilonunua, unaweka tiki panapouliza kama upakue Unfinished Business, basi. Bando lilikata katikati, nikamalizia kwa intaneti ya shemeji (shemeji, deni lako nalikumbuka). Kwenye mipangilio nimewasha msuko wa Lara, ambao enzi zile uliachwa kwa sababu mashine zilikuwa hazimudu kuuchezesha. Sasa unarukaruka mgongoni kila anapokimbia. Hauna faida yoyote, ila siuzimi.

Kubingiria ni kitufe cha End, na kwenye laptop yangu hicho hakibonyezeki bila Fn. Nimekihamishia kwenye X.

Return to Egypt. Hii ndiyo hatua ya kwanza. Inakurudisha maeneo ya City of Khamoon, hatua ya Misri katika gemu mama, na haikubembelezi hata kidogo; imechukulia kwamba wewe ni mwenyeji. Mamba wapo, na Lara akishaingia majini hawezi kufyatua risasi, kwa hiyo mmalize ukiwa ukingoni. Chui unampiga huku unaruka kinyumenyume.

Ila kinachoua wengi ni mashimo. Dunia nzima ya Lara imejengwa kwa miraba inayolingana, na ukishaliona hilo gemu linabadilika kabisa. Kuruka ukiwa umesimama kunavuka mraba mmoja. Kuruka kwa kukimbia, miwili. Ukikimbia, ukaruka na kushikilia Ctrl ili adake ukingo, mitatu. Shika Shift utembee mpaka mwisho wa sakafu, hapo hadondoki. Achia, bonyeza nyuma mara moja, ataruka mraba mmoja kurudi. Kisha mbele, na Alt (ya kurukia) papo hapo bila kuiachia. Mguu wake utaondoka ukingoni penyewe.

Mpwa wangu, aliyekuwa ananichungulia begani, hakuelewa.

"Mjomba, mbona kila mara unarudi nyuma kama umesahau kitu?"

"Hesabu vigae kati yetu na kule."

Akahesabu kwa kidole juu ya kioo. "Viwili na nusu."

"Nusu haipo humu. Hesabu tena."

"Vitatu."

Tukaruka, Ctrl chini, Lara akaning'inia kwa vidole. Tangu hapo yeye ndiye mpimaji, na ananifokea nikiruka kabla hajatoa jibu.

Anayetaka kuanza asikimbilie huku. Afungue kwanza nyumba ya Lara katika gemu mama, azoeshe vidole mazoezini, hakuna maadui mle.

Umeme. Betri ya laptop imekufa, na huku mtaani kwetu Sakina umeme ukikatika mashine inazima hapo hapo. Bahati nzuri toleo la kompyuta linakuruhusu kusevu popote, siyo kama PlayStation ambako ilibidi utafute fuwele ya kusevia. Kwa hiyo F5 kabla ya kila mruko, F5 baada ya kila mamba.

Temple of the Cat ndiyo inafuata. Mpwa ameahidi kuja Jumamosi na padi ya kuchezea gemu ya kuazima. Aje nayo, achezee yeye. Mimi nabaki na mishale ya kibodi, maana mbele ni mbele, na miraba haitaki kuegemea pembeni.