Lafudhi si kosa la kusoma: tulivyorekebisha upimaji wa darasa la pili

Nafundisha darasa la pili Rorya, mkoani Mara. Wengi wa wanafunzi wangu nyumbani wanaongea Kijaluo, na wachache Kikurya. Kijaluo hakina sauti za sh, z wala v, kwa hiyo mtoto akikuta "shamba" anasema "samba", na "zawadi" inakuwa "sawadi". Mkurya naye "lima" ataisoma "rima". Neno wamelitambua na maana wanaijua.

Sasa fikiria upimaji wa kusoma kwa sauti. Mtoto anaitwa peke yake, anapewa dakika moja, na mpimaji anakata kila neno analoona limekosewa. Aya ikijaa sh na z, mtoto anayesoma vizuri kabisa anaonekana hajui. Jina lake linaingia kwenye orodha ya wasiomudu kusoma, anarudishwa kwenye silabi za ba, be, bi. Nimewaona watoto wa namna hiyo wakiacha kunyoosha mkono darasani, na iliniuma sana.

Nilipokwenda kwa mwalimu mkuu sikuomba upendeleo. Mwongozo wa EGRA, kipimo cha stadi za awali za kusoma kinachotumika nchi nyingi, unaelekeza wazi kwamba tofauti ya lafudhi isihesabiwe kosa. Niliomba majaribio yetu ya ndani yafuate hilo.

Tulianza na maongezi. Kabla ya kumpa karatasi, mpimaji anamuuliza mtoto nyumbani wanalima nini, jana alicheza na nani, huku akisikiliza anavyotamka. Akisema "sule" katika maongezi, na kwenye karatasi akaisoma "shule" hivyo hivyo, anapata alama yake. Lakini anayetamka "dada" vizuri akiongea, halafu akiliona limeandikwa analisoma "baba", huyo amechanganya herufi. Hilo ni kosa.

Maneno yasiyo na maana, yaani ya kubuni ambayo mtoto hupewa ayasome ili ionekane kama anajua herufi, ndiyo yaliyotusumbua zaidi, kwa sababu hapo huwezi kujua kama mtoto ameelewa. Tulikubaliana kuangalia mfululizo: sh ikigeuka s kila inapotokea, ni lafudhi, ikiwa s hapa na k pale, anabahatisha.

Halafu wapimaji wawili wakamsikiliza mtoto mmoja, kila mtu na karatasi yake, na baadaye tukalinganisha. Hapo tulibishana kweli kweli. Mwenzetu aliyekulia pwani alishikilia kwamba Kiswahili sanifu lazima kifundishwe. Nakubaliana naye, na matamshi tunayafanyia mazoezi kwenye kipindi cha matamshi. Saa inapohesabu, hapana. Kila ukimkatiza mtoto "sema sh" unamla sekunde zake, na akishakatizwa mara mbili anaanza kunong'ona.

Baadhi ya watoto walitoka kwenye ile orodha. Wengine walibaki, maana maswali ya ufahamu yalionyesha kweli hawakuelewa walichosoma, na ni vizuri wamebaki, wapate msaada wanaouhitaji. Kuna hata mmoja mwenye matamshi safi aliyeongezwa: alisoma haraka, lakini hakuweza kujibu chochote kuhusu hadithi.

Siku hizi akija mpimaji kutoka nje ya wilaya, kabla hajaanza namkabidhi karatasi yenye sauti za huku kwetu na mifano yake, na namwomba akae kwanza na watoto wawili watatu, aongee nao tu.