Leo ni siku gani?

Jamani, leo tumebishana nusu saa nzima kama ni Jumatano au Alhamisi.

Tangu tustaafu na kuhamia mji huu mdogo, siku zimefanana kama mapacha. Jumatatu tulifua. Jumanne tulimsubiri fundi bomba, hakutokea. Baada ya hapo sikumbuki.

Sasa alfajiri naamka, mzee hayupo kitandani. Namkuta sebuleni anapiga pasi shati jeupe. Lile la kazini.

"Baba, safari ya wapi?"

Akaitazama pasi. Akalitazama shati. "Hata mimi sijui."

Tulicheka mpaka jirani akawasha taa. (Huku ukikohoa tu, mtaa mzima unakupa pole.)

Lakini pasi hakuizima. Alimalizia kola taratibu, upande huu, kisha ule, kama miaka yote. Akavaa, akafunga vifungo hadi cha shingoni, akatoka kumwagilia bustani.

Yuko huko mpaka sasa, mikono ya shati kaikunja, tope hadi viwikoni. Na atakayelifua ni mimi!

Wastaafu wenzangu, ninyi ilichukua muda gani mwili kusahau kazi?

Na tafadhali, leo Jumatano au Alhamisi?