Fungu la dagaa la elfu moja

Ukitaka kumweleza mtu uchumi, pato la taifa liache kwanza. Mpeleke sokoni Igoma, jijini Mwanza, mara mbili ndani ya mwezi, wakati wa giza na wakati mwezi umepevuka, aangalie fungu la dagaa la shilingi 1,000. Bei haibadiliki. Linalobadilika ni fungu lenyewe.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola na betri. Mwanga huwakusanya, nyavu zikawazoa. Mbalamwezi ikiwaka ziwa lote linang'aa na taa haivuti kitu, ndiyo maana mitumbwi mingi hupumzika siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu. Mzunguko ni siku 29 na nusu, kwa hiyo uhaba huu unajulikana mapema kama tarehe ya kodi ya nyumba.

Walaji ni walewale, ugali ni uleule, mzigo umepungua. Muuzaji hawezi kudai 1,250 kwa fungu (chenji ataitoa wapi?), basi anapunguza konzi. Lipime kwa mizani: gramu 250 kwa 1,000 ni sawa na 4,000 kwa kilo, zikishuka kuwa 200, kilo imefika 5,000. Bei imepanda asilimia 25 na hakuna aliyetamka neno.

Wengi wakishaelewa hapo hukimbilia jibu rahisi: nunua kwenye giza, uza kwenye mbalamwezi. Tupige hesabu, tarakimu ni za mfano. Gunia la dagaa wakavu umelinunua soko la Mwaloni, Kirumba, hukohuko Mwanza, kwa 200,000, ukaliuza baadaye kwa bei iliyopaswa kukupa 260,000. Wapagazi, ushuru na stoo vimekula 18,000. Dagaa waliokaa hupungua uzito na kuvunjika chenga. Toa asilimia 5 ya mauzo, yaani 13,000. Umebaki na 29,000. Si haba, au sivyo?

Sasa jiulize hiyo 200,000 ingefanya nini muda huohuo. Kama ungenunua na kuuza haraka, mizunguko mitatu, kila mmoja ukiacha 12,000 baada ya gharama zote, ungekuwa na 36,000. Mfukoni unaona faida, kumbe umepishana na 7,000. Hiyo ndiyo gharama mbadala, na haiandikwi kwenye daftari lolote la dukani, ndiyo maana inawapita wengi.

Anayeweka stoo huitwa mlanguzi. Tunaona anaonewa: gunia alilolitoa mwezi ukiwa mpevu ndilo linalozuia bei isipae zaidi, na wakiweka wengi, pengo la bei linafungwa na faida yao wenyewe inayeyuka.

Masika ni habari nyingine. Jua likikosekana, dagaa hawakauki kwenye chanja, wanaingia stoo na unyevu, wanaota ukungu, na mzigo wa kitoweo unashuka kuwa chakula cha kuku kwa bei ya chini sana. Kabla ya kufunga gunia chota konzi kutoka katikati, siyo juu, uvunje dagaa mmoja mmoja. Akikatika kwa mlio, amekauka. Akipinda, mrudishe juani, na kama hakuna jua, uza leo.